Lazima ya Kurudi Nayo Nyumbani

Maneno haya niliyasema jijini Mwanza, wiki ya Siku ya Wakunga Duniani, mbele ya wanafunzi wa ukunga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Baadhi yenu mliomba maandishi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikiacha vikohozi na zile dakika umeme ulipokatika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba; najua mlikuwa mnajiandaa kuniamkia. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo vya walioko meza kuu chai itapoa.

Barua niliyoletewa inasema niongelee uchunguzi wa maambukizi kwa mama mjamzito, mafanikio na changamoto. Kijana aliyeileta akaniambia, "Mama, una dakika 20, na tafadhali usisahau takwimu." Takwimu zipo, tutafika. Ila mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa huo haponi mtu. Nitaanza na sarufi.

Mwanamke akijipeleka mwenyewe kupima VVU, ile safari tuliyokuwa tukiiita kwenda Angaza, akirudi anamwambia shoga yake, "Nimepima." Mwanamke huyo huyo akienda kliniki na mimba ya miezi mitano, akachomwa kidole kile kile, likatoka tone lile lile, akirudi anasema, "Nimepimwa." Au anasema, "Walinipima." Wasikilizeni tu. Kule alikuwa mtenda, huku ametendwa. Nimekuwa mkunga miaka 30, tangu 1991 mpaka nilipostaafu 2021, na karibu nusu ya miaka hiyo ilipita kabla sijaisikia hiyo herufi moja iliyojipenyeza katikati ya neno.

Sisemi kipimo ni kibaya. Na nisimame hapo kidogo, kwa sababu ninyi vijana mmekikuta kipimo kipo mezani kama mlivyozikuta kuta za kituo. Hamjui palivyokuwa kabla yake.

Zahanati yangu ya kwanza ilikuwa kando ya ziwa, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka hospitali ya wilaya. Kipimo cha kaswende kilikuwepo kwenye mwongozo, chumbani hakikuwepo. Kipimo cha siku zile kilitaka damu ivutwe kwenye mshipa, izungushwe kwenye mashine mpaka chembe zijitenge na maji yake, na mashine inataka umeme. Umeme wetu sisi ulikuwa karabai. Kwa hiyo tunavuta damu Jumatatu, chupa zinasubiri gari la chanjo, gari linakuja Alhamisi au haliji, majibu yanarudi wiki ya pili au ya tatu, na mama mwenyewe ameshahamia kambi nyingine ya wavuvi kumfuata mumewe. Majibu ninayo, mama sina.

Halafu unamwona siku ya uchungu. Mnajua mtoto aliyefia tumboni siku nyingi anavyozaliwa? Wa mwaka wa pili mmeshaona. Ngozi inavuka mkononi mwako kama ya nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Unamfunga kwenye kitenge upesi ili mama asione, na mama anauliza, "Mbona halii?" Nje wazee wanasema tego. Mwingine anasema jicho la mke mwenza. Na wewe uliyemshika unajua, au unahisi, kwamba sindano moja miezi minne nyuma ingetosha.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika huku huku Mwanza, kwa kina mama waliofika kujifungua bila kuwahi kupimwa kaswende katika mimba zile. Waliokuwa na kaswende kali iliyo hai, mmoja kati ya kila wanne alizaa mtoto mfu. Kwa wasio nayo ilikuwa kama mmoja kati ya 100. Watafiti wakakadiria kwamba kwa kina mama wa namna hiyo, wasiopimwa, karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu ilitokana na kaswende. Nusu! Sehemu ya pili ya kazi hiyo ikaonyesha kuwa mama aliyepimwa, akachomwa dozi moja ya penisilini, yuniti milioni 2.4, mimba yake iliisha salama sawa na ya asiyekuwa na ugonjwa. Sindano ile inauma, sikatai. Tulikuwa tunaigawa, nusu tako hili na nusu lile, na mama anatembea kama bata siku mbili. Nilipoyasikia matokeo hayo kwenye semina nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Nilikuwa nahesabu vitenge.

Ya VVU mnafundishwa darasani, nitapita haraka. Bila dawa, katika kila watoto 100 wa kina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mwaka 1999 wenzetu wa Kampala walionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapini uchungu unapoanza, na matone kwa mtoto akishazaliwa, kinapunguza maambukizi karibu nusu. Hapa kwetu huduma ilianza kwa majaribio 2000. Kuanzia 2013 tukawa tunampa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, bila kungoja kinga yake ishuke kwanza. Mama akizitumia vizuri, wale 15 mpaka 45 wanabaki chini ya 5. Watoto wa kina mama hao nimewapokea kwa mikono hii, na wengine leo wananisalimia sokoni wana ndevu.

Kwa hiyo msije mkatoka hapa mkasema bibi yule anapinga vipimo. Ninachotaka ni tumtazame aliyekaa upande wa pili wa meza.

Hudhurio la kwanza tunampima mama mambo mengi kwa mpigo. Uzito, urefu, presha, wingi wa damu, mkojo, malaria, kaswende, VVU. Homa ya ini B pale vifaa vinapokuwepo. Hicho cha ini, katika vituo nilivyopita mimi, mara nyingi aliambiwa akilipie, na kumwambia mjamzito wa kijijini alipie maana yake ni kwamba hapimwi. Sasa uangalieni uso wake. Kidole cha malaria anakitoa huku anaongea na jirani. Kikopo cha mkojo anakipokea anacheka, maana UTI siku hizi imekuwa kama mafua, kila mtu anayo na kila mtu anaitangaza. Kikifika kile cha VVU na kaswende, maongezi yanakatika. Kidole hakijabadilika. Ila ukikutwa na malaria hakuna atakayekuuliza mbu huyo alikuwa wa nani.

Mnacheka, lakini ndilo lenyewe. Wanawake niliowahudumia wachache sana waliogopa sindano. Hata ugonjwa wenyewe hawauogopi kama tunavyodhani, maana wamewaona watu wanakunywa dawa, wananenepa, wanalima. Wanachokiogopa kina jina na kinakaa nyumba moja nao: mume, mama mkwe, wifi, au yule jirani aliyekaa naye benchi moja asubuhi. Na wana haki. Katika nyumba nyingi mimba ndiyo inayomfanya mke awe wa kwanza kupimwa, na anayejua kwanza ndiye anayeonekana ameleta. Mume hajakanyaga kituo, damu yake haijaonwa na mtu, lakini jioni ndiye hakimu. Na mke akikutwa mzima? Mume anasema, "Basi na mimi mzima." Majibu ya mkewe anayavaa kama koti la kuazima. Mtawakuta watu na digrii zao wanaamini hivyo, wakati mmoja anaweza kuwa na virusi na mwenzake hana, wakalala kitanda kimoja miaka.

Niwaeleze habari ya benchi.

Zahanati yangu ya tatu ilikuwa na benchi la mbao linalotazamana na mlango wa chumba cha majibu. Siku moja nimetoka kunywa maji, nikawasikia kina mama wawili wananong'ona. "Yule dakika mbili. Yule naye mbili. Wa kitenge cha njano bado yumo." Walikuwa wanahesabu. Sisi tulijiona hodari wa kutunza siri. Madaftari tulikuwa tunayafungia kabatini kwa kufuli, ufunguo nauvaa mimi shingoni. Lakini mama mzima alikuwa anatoka baada ya dakika mbili anacheka, na mwenye maambukizi anatoka baada ya nusu saa, macho mekundu, anaelekezwa mlango wa kushoto. Siri ya mtu tulikuwa tunaitangaza kwa saa ya ukutani.

Wiki iliyofuata tukabadili. Kila mama dakika 15 chumbani, majibu yake yawe yoyote, na wote wanatokea mlango mmoja. Wenzangu walilalamika, foleni ikafika kwenye mwarobaini, mganga mfawidhi akaniita. Nikamwambia mama mzima naye nina la kumweleza. Kwamba atarudia kipimo katika miezi ya mwisho. Kwamba mtu akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha, virusi huwa wengi mno mwilini siku zile za mwanzo na mtoto yuko kwenye hatari kubwa, hivyo mstari mmoja wa leo, ule wa kusema hana virusi, si cheti cha maisha. Na kwamba mumewe ana damu yake mwenyewe. Dakika 15 hazikuwahi kutosha. Mganga mfawidhi akasema, "Haya, lakini foleni ni yako." Ikawa yangu.

Na uso wako, mkunga. Ile robo saa kipimo kikiwa mezani, mama hakitazami kipimo. Anakutazama wewe. Ukikunja uso kwa sababu umekumbuka ada ya mtoto, yeye ameshakufa na kuzikwa.

Halafu lipo kopo. Dawa za maisha zilipoanza kutolewa siku ile ile ya majibu, sisi tulifurahi, hakuna tena kuwapoteza kina mama njiani. Lakini jiwekeni mahali pake. Asubuhi ametoka nyumbani kwenda kupimwa tumbo, mchana anarudi na dawa ya kunywa mpaka kufa. Na kopo lile likitikiswa linalia kama kayamba. Mama mmoja alivimimina vidonge vyote kwenye kitambaa mbele yangu, akavifunga kwenye ncha ya khanga kama anavyofunga fedha, kopo akaniachia mezani. Nikamwambia haifai, kopo linakinga unyevu. Akanitazama tu. Wengine waliweka pamba ndani lisilie. Kwenye fomu tuliandika, "Amekubali kuanza dawa." Ni kweli alikubali dawa. Kelele hakuikubali.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta hapa, nalo ni lazima.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema mjamzito na mwenza wake wapewe ushauri na nafasi ya kupima kwa hiari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007, ule uliotuambia mtoa huduma aanze yeye kupendekeza kipimo asingoje mteja aombe, nao uliacha mlango wa kukataa wazi. Hayo yamo kwenye makabati. Kwenye benchi ilikuwa hivi. Kina mama 40, elimu ya afya ya asubuhi, wimbo, makofi, halafu muuguzi anapaza sauti, "Na leo tutawapima wote, sawa kina mama?" Nao kwa pamoja, "Sawaaa!" Basi, ridhaa imepatikana. Nami nimeipata hivyo mara nyingi, sijitoi.

Niliwahi kumwuliza mama mmoja, "Ungeweza kukataa?" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Nikatae, halafu kadi nipewe na nani?"

Nikaona nimeelewa. Nikaanza kampeni yangu ndogo, kila anayekaa mbele yangu namwambia, "Mama, una haki ya kukataa, si lazima." Nilijiona mtetezi mkubwa. Wiki ya tatu akaja dada mmoja muuza dagaa, mimba ya pili. Nikamwimbia wimbo wangu, si lazima. Akanikatiza: "Nesi, usiseme hivyo kwa sauti. Mimi nyumbani nimesema ni lazima."

Nikanyamaza. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kumenya muhogo. Akimwambia mumewe anakwenda kupima kwa hiari yake, ataulizwa ana wasiwasi gani, amefanya nini huko, au anamshuku nani. Lakini kliniki wanapima wote, hakuna anayeulizwa, kwa hiyo anapima bila kumshuku mtu na bila kushukiwa. Alikuwa na hamu ya kupima tangu miezi minane nyuma, aliposikia habari za mumewe na mwanamke wa mwaloni, kule samaki wanakouzwa. Mimba ndiyo iliyompa sababu, na lazima yetu ikampa khanga ya kujifunika akipita barazani kwa wakwe.

Tangu siku hiyo nazihesabu lazima mbili. Ipo ya kurudi nayo nyumbani, mama anaitaka, msimnyang'anye. Ndiyo maana sikubaliani na wanaharakati wanaotaka tubandike ukutani kwa maandishi makubwa kwamba kipimo ni hiari. Ukuta huo na mume atausoma. Na ipo lazima ya chumbani, ile tunayomwekea sisi, ya "lete kidole, wenzako wanasubiri." Hiyo haina faida kwa yeyote. Mlango ukifungwa, muulize. Muulize kweli, kisindano ukiwa umekiweka chini. Akisema leo sipo tayari, mpe kadi yake, vidonge vya damu, chandarua, huduma zote, na tarehe ya kurudi. Nilipoanza kufanya hivyo waliokataa hawakuzidi vidole vyangu, na wengi wao walirudi wenyewe. Lakini majibu aliyoyaomba, mama huyapokea kwa mkono. Aliyotupiwa, huyaacha pale pale. Mtamsikia nyumbani anasema, "Walinipima, majibu hawakunipa," na mwezi ujao anaanza kliniki kituo kingine kwa jina la shangazi yake.

Kukataa usoni si tabia ya watu wetu. Wao wanakata mguu. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba mama mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyeanza kliniki kabla mimba haijafika miezi minne, na waliofikisha mahudhurio manne walikuwa nusu hivi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka manane, la kwanza ndani ya wiki 12. Sitasema wote wanakimbia kipimo. Ipo nauli, ipo palizi, ipo ile ya kuficha mimba changa mpaka ikae vizuri. Ila wanaokimbia wapo, nimekaa nao. Na kaswende haina simile: sindano inatakiwa iwe imechomwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto ahesabiwe ametibiwa.

Halafu, kwa nia njema kabisa, tukawaongezea mlima mwingine. Njoo na mwenza wako. Mwongozo ulisema mwenza ahamasishwe. Haukusema mke afukuzwe. Lakini vipo vituo, sivitaji, vilivyoanza kusema aliyekuja na mume ahudumiwe kwanza, kisha vikasema asiye na mume alete barua ya serikali ya mtaa. Binti wa miaka 18 aliyekanwa na mwenye mimba anakwenda kumwomba mwenyekiti amwandikie kwamba amekanwa. Mwenyekiti naye anataka ya soda. Kina mama wakatafuta njia, kama kawaida yao. Nilimpokea kijana mmoja wa bodaboda mara tatu katika mwezi mmoja, kila mara na mke mwingine. Mara ya tatu nikamwambia, "Baba, hongera, nyumba yako inakua." Akatazama viatu vyake. Alikuwa analipwa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na elfu mbili ya kuwa mume. Na yeye, maskini, alishachomwa kidole mara tatu. Sidhani kama mkoani kwetu alikuwepo mwanamume mwingine aliyeijua hali yake vizuri namna ile.

Wanaume walioko hapa, nimewaona mnaangalia simu. Waliokuja na wake zao kwa hiari niliwapenda, na waliokaa kwenye benchi letu fupi la kina mama magoti yakagusa kidevu niliwapenda zaidi.

Nimebakiwa na moja, na hili kwenye barua halimo.

Kipimo cha haraka cha kaswende ni neema. Tone moja, dakika 20, hakuna mashine, hakuna gari la chanjo. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kile kinachoonyesha VVU na kaswende kwa pamoja. Lakini kipimo hiki kina tabia moja ambayo hamuwaambii kina mama, na wengine, mnisamehe, hamuijui. Hakitafuti ugonjwa wenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani askari walioandikishwa na mwili kupigana nao. Mtu akitibiwa kaswende akapona, askari wale kwa kawaida hawastaafu. Ukimpima miaka kumi baadaye mstari wa kaswende unatokea, na hana ugonjwa.

Nilikuwa na mama mmoja, nilimpokea mimba yake ya kwanza mwaka 2014. Kaswende. Nilimchoma sindano, na mumewe nikamwita akaja nikamchoma. Mtoto akazaliwa mzima, kilo tatu na kitu. Mimba ya pili, 2018, akaanzia kituo kingine, nami sitakitaja. Mstari ukatoka. Mhudumu akamwambia mbele ya benchi zima, "Wewe tena? Hamjifunzi?" Akamchoma, hilo si kosa, kama huna kumbukumbu ya matibabu ni heri utibu kuliko kuacha. Kosa lilikuwa mdomo, na lingine likawa kalamu, kwa sababu aliandika kwenye kadi "kaswende chanya" akanyamaza hapo.

Kadi ya kliniki haina siri katika nyumba ya wakwe. Inawekwa juu ya kabati pamoja na vyeti vya shule na risiti ya godoro. Mama mkwe wake alisoma enzi ya shule za misheni, anasoma kila karatasi inayoingia ndani, hata ya kufungia maandazi. Aliisoma. Mwanawe alikuwa ametimiza miezi mitano mgodini Geita. Bibi akahesabu kwa vidole. "Mwanangu hayupo tangu Aprili. Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Mimba ya miezi saba ikarudishwa kwao kwenye basi la asubuhi.

Mume aliporudi ndiye aliyekumbuka kwamba na yeye aliwahi kuchomwa, akanitafuta. Nikamwelezea habari ya askari wasiostaafu. Akakaa muda mrefu, akasema, "Sasa hayo mbona hamkuyaandika?" Sikuwa na jibu. Mkewe alirudi, ingawa wanasema hakuzungumza na mtu nyumba ile mpaka akajifungua.

Mimba ya tatu, 2020, akaja kwangu. Mstari ukatokea, kama nilivyojua. Nikavuta damu tukaipeleka hospitali kwenye kipimo kile cha zamani cha mashine, kile kile nilichokuwa nakilaani ujanani, maana ndicho kinachoweza kutuonyesha kama ugonjwa bado u hai. Majibu yalirudi baada ya siku nne. Hana kitu. Nikamwuliza anataka niandike nini kwenye kadi, au nisiandike. Akafikiri. Akasema niandike. Nikaandika kwamba alitibiwa 2014 yeye na mumewe, kwamba mstari ni wa ugonjwa uliokwisha pona, nikatia tarehe na saini. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia.

"Andika tena hapa juu kwa herufi kubwa, nesi," akasema. "Macho ya mama mkwe siku hizi hayaoni vizuri."